Mashine ya kupima udongo nayo ipimwe: pH mita ilivyoundwa, inavyofanya kazi na inavyodanganya

 

Msimu ukikaribia huwa napata swali moja kutoka kila upande: "Afisa, ninunue pH mita gani?" Nitalijibu leo, ila mwishoni. Kwanza nataka niwasimulie kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha hii mashine kuliko darasa lolote nililokaa nikisoma diploma.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa napangiwa kazi nyanda za juu, sehemu ya mvua nyingi na udongo mwekundu. Kijana mmoja alikuwa amekodi ekari 3 za kulima maharage kwa hela ya mkopo wa kikundi. Aliniuliza jambo moja tu: aweke chokaa ya kilimo au asiweke? Chokaa yenyewe haikuwa ghali sana, ila kuifikisha pale kijijini usafiri ulikuwa unakula hela nyingi.

Nikapanda pikipiki, pH mita nikaiweka kwenye boksi la nyuma. Nikachukua udongo sehemu tofauti za shamba, nikachanganya na maji, nikasubiri, nikachovya. 6.9. Sampuli ya pili 7.0. Ya tatu 6.9. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Dogo, hela ya chokaa ongezea kwenye mbegu. Udongo wako uko vizuri."

Wiki ya tano maharage yalikuwa ya njano na yamedumaa. Ukiyang'oa, mizizi ni mifupi, minene, kama imekatwa ncha, na vile vinundu vya naitrojeni ni vya kutafuta. Tukapeleka udongo maabara. Majibu yakarudi: pH 4.8. Kwenye uchachu wa namna hiyo alumini iliyomo kwenye udongo inayeyuka na kuunguza mizizi, na fosforasi inafungwa mmea usiipate. Chokaa ingesaidia, ila inafanya kazi polepole na hutakiwa kuchanganywa na udongo kabla ya kupanda. Msimu ulikuwa umeshapotea, na marejesho ya kikundi hayasubiri.

Sikufichi, iliniuma. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mita niliijaribu. Asubuhi ile kabla ya kutoka niliichovya kwenye maji ya bafa ya 7, ikasoma 7.0. Nikaridhika, nikaondoka. Kumbe kosa lilikuwa hapo hapo.

TUFUNGUE PROBU TUONE

Nilimpelekea ile mita rafiki yangu fundi simu. Mambo ya kemia hayajui, lakini umeme anaujua. Akachomoa probu, yaani kile kijiti tunachochovya, halafu akachukua kipande cha waya akaunganisha pini ya katikati na ukingo wa soketi ya mita. Kioo kikaandika 7.0. "Mashine yako nzima," akasema. "Hakuna umeme unaoingia, na yenyewe imeundwa kwamba pasipo umeme iseme 7."

Akairudisha probu, tukaichovya kwenye limao lililokatwa. 7.0. Limao! Tukachovya kwenye maji ya magadi. 7.0. Akaweka ncha ya probu chini ya ile lenzi yake ya kuangalia saketi za simu. Kwenye kale kapovu ka kioo kulikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Bila shaka ni zile barabara zetu na boksi la pikipiki.

Kwa kuwa ilishakufa, tukaipasua tuone ndani. Nitawaeleza tulichokikuta, maana ukishajua vitu hivi vinne huwezi tena kudanganywa kirahisi.

Cha kwanza ni kapovu ka kioo kwenye ncha, kakubwa kidogo kuliko punje ya hindi. Hiki kioo ni cha aina maalumu, na ukuta wake ni mwembamba sana. Kikiwa na unyevu, ngozi yake ya nje inalainika kidogo na kupokea chembe za haidrojeni, ambazo ndizo zinazoleta uchachu. Udongo ukiwa mchachu, chembe nyingi zinajibana kwenye ngozi ya nje. Hazipenyi kwenda ndani. Zinajibana tu pale ukutani.

Cha pili ni maji yaliyofungiwa ndani ya kapovu. Haya uchachu wake unajulikana, mara nyingi ni pH 7. Kwa hiyo ukuta mmoja wa kioo una majirani wawili: ndani 7 isiyobadilika, nje ni udongo wako. Majirani wakitofautiana, inatokea volti ndogo kati ya pande mbili za ukuta. Hiyo volti ndiyo mita inayosoma.

Cha tatu ni waya wa madini ya fedha uliopakwa kloraidi ya fedha, unaoichukua volti kutoka ndani ya kapovu.

Cha nne watu wengi hawakijui: kuna waya wa pili kama huo, uko kwenye chumba chake cha pembeni chenye maji ya chumvi ya potasiamu kloraidi. Chumba hicho kinagusana na udongo kupitia kadoa kadogo keupe ubavuni mwa probu, ka mfano wa kigae chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Volti siku zote hupimwa kati ya sehemu mbili, na huu waya wa pili ndio mguu wa kusimamia. Kadoa kale kakiziba kwa matope, namba zinayumbayumba hata kama kapovu ni kazima.

Sasa tuje kwenye hesabu, na si ngumu. Kwenye joto la nyuzi 25, kila hatua moja ya pH ni kama milivolti 59. Yaani pH 7 ni sifuri, pH 6 ni 59, pH 5 ni 118, pH 4 ni 177. Betri ya kawaida ya redio ina milivolti 1,500, kwa hiyo hatua moja ya pH ni kama sehemu 1 ya 25 ya betri hiyo. Ni kitu kidogo. Na kumbuka hatua moja ya pH si ndogo shambani: udongo wa 5 una uchachu mara 10 ya udongo wa 6.

Kioo kikipata ufa, maji ya ndani na ya nje yanakutana. Hakuna ukuta tena, majirani wamekuwa wa nyumba moja. Volti inakuwa sifuri, au karibu na sifuri. Na sifuri kwa mita maana yake ni 7.

Mmeona mtego ulipo? Mashine iliyokufa haikunyamaza. Haikuwasha taa nyekundu. Iliendelea kunipa namba, tena namba nzuri ambayo kila mkulima anapenda kuisikia. Na mimi niliijaribu kwenye bafa moja tu, bafa ya 7, ambayo ndiyo pekee ambayo probu iliyopasuka inaweza kuifaulu.

NI LIMAO LILILOTULETEA HII MASHINE

Tulipochovya kwenye limao sikujua kwamba hii mashine asili yake ni limao kweli. Hesabu yenyewe ya pH ilitungwa mwaka 1909 na mkemia S. P. L. Sørensen kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, Denmark. Maabara hiyo hiyo ndiko Johan Kjeldahl alikobuni mwaka 1883 njia ya kupima naitrojeni kwenye nafaka, ambayo mpaka leo maabara za udongo zinaitumia.

Kapovu ka kioo nako kalishajulikana miaka hiyo hiyo ya mwanzoni mwa 1900, ila kalikuwa ka kwenye meza za maabara tu. Shida ni kwamba kioo hakipitishi umeme vizuri, kwa hiyo mkondo unaotoka ni mdogo mno. Ili upate mkondo wa kusomeka ilibidi kioo kiwe chembamba kupita kiasi, na cha namna hiyo kinavunjika kabla hujamaliza kazi.

Mwaka 1934, California huko Marekani, mkemia wa chama cha wakulima wa machungwa na malimao alikuwa na kazi ya kupima uchachu wa maji ya limao. Yale maji yalikuwa yamewekwa dawa ya salfa isiharibike, na dawa hiyo ilikuwa inavuruga zile karatasi za kubadilika rangi. Akaenda kwa Arnold Beckman, mwalimu wa kemia kwenye chuo cha Caltech, waliyesoma pamoja zamani. Beckman akamwambia, weka kioo kinene kinachohimili kazi, halafu tukuze ule umeme mdogo kwa valvu za redio. Akamtengenezea. Baada ya muda jamaa akarudi kuomba ya pili, kwa sababu ya kwanza wenzake kazini walikuwa hawamrudishii. Hapo Beckman akajua kuna soko. Mwaka 1935 alianza kuiuza kwa dola 195.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu ule ugumu bado umo ndani ya mita unayonunua leo. Rafiki yangu fundi alijaribu kupima probu nzima kwa multimita yake ya kawaida, akapata karibu na hamna kitu. Ni sawa na kutaka kujua presha ya maji kwenye tundu la dripu kwa kuunganisha bomba la inchi 2: ukifungua tu, presha imeisha. Multimita inavuta mkondo kuliko kioo kinavyoweza kutoa. Ndani ya pH mita kuna chipu inayosoma volti karibu bila kuvuta chochote, na ndiyo iliyochukua nafasi ya zile valvu za Beckman. Ndiyo maana pia unyevu au jasho la mkono kwenye kiungio cha waya unaharibu kipimo: umeme mdogo hivyo unavuja kirahisi. Soketi iwe kavu muda wote.

MASHINE NYINGINE, KANUNI ILE ILE

Ukiletewa karatasi ya majibu ya udongo, ujue hakuna mashine iliyoiona fosforasi wala potasiamu kwa macho. Kila moja imepima kitu kingine, halafu ikalinganisha.

Fosforasi: udongo unaoshwa kwa dawa, maji yanachujwa, inaongezwa kemikali ya molibdeti, maji yanageuka bluu. Fosforasi ikiwa nyingi, bluu inakolea. Mashine inapitisha mwanga kwenye hayo maji na kihisi upande wa pili kinapima mwanga uliofika.

Potasiamu: maji yanarushwa kama ukungu kwenye moto wa gesi. Umeshaona maji ya chumvi yakimwagikia jiko la gesi moto unavyogeuka njano? Hiyo ni sodiamu. Potasiamu nayo ina rangi yake ya zambarau. Mashine inachuja mwanga wa potasiamu peke yake na kupima ukali wake.

EC, kwenu wenye dripu na green house: vibati viwili vinapitishiana umeme ndani ya maji. Chumvi na mbolea zikiwa nyingi, umeme unapita vizuri zaidi. Umeme huo hugeuzwa geuzwa mwelekeo kwa haraka ili chembe za chumvi zisirundikane kwenye vibati. Hapa kuna mtego mmoja: mita nyingi zinaandika ppm, ila hazipimi ppm. Zinapima EC halafu zinazidisha, nyingine kwa 500, nyingine kwa 700. Maji yale yale ya EC 1.0 moja itasema 500 na nyingine 700. Mwenzako akikuambia weka mbolea ifike ppm fulani, muulize EC ni ngapi.

Zote hizi zinategemea kitu kimoja. Kabla ya sampuli yako, mtaalamu wa maabara anapitisha maji ambayo kiasi chake anakijua: ya sifuri, kidogo, cha kati, kingi. Anapata ngazi. Sampuli yako inasomwa iko ngazi ya ngapi. Bila ngazi, namba ni namba tu. Kwa hiyo ukipeleka udongo maabara yoyote ya serikali, chuo au binafsi, kuwa huru kuuliza, "Mnapima na sampuli inayojulikana pamoja na yetu?" Maabara makini itafurahi kukujibu. Kuuliza si ujinga.

NA VILE VYA MIIBA MIWILI?

Vinauzwa sana mitandaoni, vile vya kuchoma ardhini, havina betri, mshale unacheza. Mnakumbuka shuleni tulichoma msumari na kipande cha shaba kwenye limao tukapata umeme? Hicho ndicho kilichomo. Miiba ni ya metali mbili tofauti, na udongo mbichi ndio limao lenyewe. Mshale unaonyesha umeme unaotoka. Lakini umeme huo unabadilika kwa unyevu, kwa chumvi, na kwa namna ulivyoshindilia. Mwagilia kidogo, mshale unasogea, na uchachu haujabadilika. Kununua chokaa au kutonunua kwa kutegemea mshale huo ni kamari.

NAMNA YA KUIPIMA MITA YAKO KABLA YA KUIAMINI

1. Kuwa na bafa mbili, ya 7 na ya 4. Udongo wetu mwingi wenye shida uko upande wa uchachu, kwa hiyo ya 4 ndiyo inayokulinda. Anza na ya 7, suuza, kausha kwa kugusisha tishu bila kusugua, kisha ya 4. Mita ikikataa kufika 4, usitoke nayo.

2. Kama mita yako inaonyesha milivolti, tazama tofauti kati ya bafa ya 7 na ya 4. Probu nzuri inatoa karibu na 177. Ikishuka chini ya 150 hivi, imezeeka, tafuta nyingine. Probu huzeeka hata ikikaa kabatini. Kwa matunzo ya kawaida hesabu mwaka 1 hadi 2.

3. Usiitegee kwa maji ya chupa wala maji ya mvua ukidhani ni 7. Maji safi yakikaa wazi yanachukua hewa ya ukaa na kushuka mpaka kama 5.6. Wengi wameharibu mita nzima kwa kuilazimisha isome 7 kwenye maji ya namna hiyo.

4. Ukiwa shambani na bafa imeisha, limao na maji ya magadi vitakuonyesha kama probu ipo hai. Limao liwe kati ya 2 na 3, magadi yapite 8. Hii ni ya kugundua kifo tu. Usiitumie kurekebisha mita.

5. Udongo upimwe hivi: ukaushe kivulini, uchekeche, chukua gramu 10 na maji yaliyotoneshwa mililita 25, tikisa, acha dakika 30, koroga, ndipo uchovye. Usichome probu ya kioo moja kwa moja ardhini.

6. Ihifadhi ncha ikiwa imelowa kwenye maji yake ya potasiamu kloraidi. Usiiweke kwenye maji yaliyotoneshwa, yanaifyonza chumvi ya ndani. Ikikauka, iloweke kwenye maji hayo ya kuhifadhia usiku kucha, kisha uipime upya kwa bafa zote mbili.

7. Kama mashamba yote ya kijiji yanakupa namba moja, shtuka. Mimi siku ile nilipata 6.9, 7.0 na 6.9 kwenye udongo mwekundu wa mvua nyingi, na sikushtuka.

SASA NINUNUE IPI?

Nunua ile ambayo probu yake inachomoka na kubadilishwa, inayokubali bafa mbili, na ikiwezekana inayoonyesha milivolti. Kama hela inatosha mita tu na haitoshi bafa, usinunue. Jikusanyeni watu watano mnunue moja pamoja na bafa, au tumieni hela hiyo kupeleka sampuli maabara. TARI Mlingano kule Tanga ndicho kituo cha utafiti wa udongo, SUA Morogoro nao wana maabara, na afisa ugani wako atakuelekeza iliyo karibu.

Yule kijana nilimfuata nyumbani kwake, nikamweleza ukweli: udongo haukubadilika, mbegu haikuwa mbovu, mita yangu ilikuwa imekufa na mimi sikujua. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza bafa inauzwa wapi. Kulipa lile deni kulimchukua misimu miwili, na chokaa aliiweka mapema safari hiyo, baada ya majibu ya maabara.

Tulipoonana tena shambani kwake nilikuwa nimeshika mita mpya. Kabla sijainama kuchukua udongo, akatoa chupa mbili ndogo mfukoni, moja imeandikwa 7, nyingine 4.

"Bwana shamba," akasema, "tuanze na yenyewe."

Nami tangu siku hiyo ndivyo ninavyoanza. Ukiniona shambani kwako nimechovya probu kwenye udongo kabla ya chupa, nikumbushe. Una haki hiyo, maana hela inayoingia ardhini ni ya kwako.

Kama una mita nyumbani, ichovye leo kwenye limao, kisha uniandikie hapo chini imesoma ngapi. Tukutane wiki ijayo.